Tuliyoyaona Mvita na Gede

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka wa Jumuiya)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, nimeamrishwa na Halmashauri niwape khabari ya safari tuliyokwenda watu ishirini na sita, wanaume kwa wanawake, kulitazama Jumba la Makumbusho lililomo ndani ya Ngome ya Mvita, kisha kutoka huko kwenda kuyaona magofu ya Gede. Nimeamrishwa pia niseme kwa ufupi. Amri ya kwanza nimeipokea kwa furaha. Hii ya pili nitajitahidi.

Kabla hatujaondoka yalisemwa maneno mawili hapa mjini, nami napenda kuyajibu kwanza ili tusiende na kinyongo. La kwanza, yalisemwa kwamba fedha ya Jumuiya inakwenda kupotea kwa kutazama vigae vya vyungu. Hesabu iko kwa Mweka Hazina: kila mtu mzima alijilipia nauli yake, na Jumuiya ililipia wanafunzi sita wa madrasa tu. La pili ni zito zaidi. Walisema baadhi ya ndugu zetu kwamba nyumba ya makumbusho ni nyumba ya masanamu, na Mwislamu hana haja nayo. Ndugu zangu, kitabu chetu kitukufu kinatuhimiza pahala pengi tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Na mtu hawezi kuangalia mwisho wa waliotangulia ila kwa athari walizoziacha: ukuta, kisima, kaburi, chungu. Kutazama si kuabudu. Mwenye kuogopa kwamba moyo wake utainamia jiwe kwa kulitazama, huyo na akae nyumbani, wala hatumlaumu.

Tena jambo hili si geni kwetu Uganda. Jumba la Makumbusho la nchi yetu lilianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard juu ya kilima cha Old Kampala. Likahamia Makerere katika miaka ya 1940. Na tangu 1954 liko Kitante, katika jumba lililobuniwa na Mjerumani aitwaye Ernst May. Na kilima kile kile cha Old Kampala ndicho leo kinachobeba msikiti mkubwa wa taifa ambao wengi wenu mmekwisha kusali ndani yake. Basi pale tunapoweka vipaji vyetu ndipo palipoanzia makumbusho ya nchi hii, nasi wengine hatukuwa na khabari.

Safari yenyewe sitaieleza sana. Tulipita Malaba kwa basi, tukafika Nairobi tumechoka, tukapanda treni mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ikatushusha Mvita kabla ya Magharibi. Wazee waliokuwa pamoja nasi walikumbushana reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mvita mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, kwani wengi wa babu zetu katika mji huu walifuata reli hiyo, huyu akiwa mpishi, huyu fundi cherehani, huyu mwalimu wa chuo. Walakini dini ilitangulia reli kwa miaka mingi. Sheikh Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844 kwa miguu, kwa njia ya Tabora na Karagwe. Nasi tulikuwa tukirudi nyuma katika nyayo hizo, kuelekea kulikotoka misafara.

Asubuhi ya pili tuliingia Ngomeni. Watu wa Mvita huita hivyo tu, Ngomeni, wala hawana haja ya kutaja jina alilopewa na Wareno. Ilianza kujengwa mwaka 1593 na kukamilika 1596, kwa ramani ya fundi wa Kitaliani, Giovanni Battista Cairati, nayo imekatwa na kupandishwa juu ya mwamba wa matumbawe ukingoni mwa bahari, na umbo lake ukilitazama kutoka juu ni kama mtu aliyelala chali. Waandishi wa tarikh wanahesabu kwamba baina ya mwaka 1631 na 1875 ilitoka mkono huu ikaingia mkono ule mara tisa. Wareno, wenyeji, Waomani, Mazrui, Mabusaidi, kisha Waingereza, ambao kuanzia 1895 waliifanya gereza. Ilikuwa gereza mpaka 1958. Hapo ndipo ilipotangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, ikatengenezwa kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mwangalizi wake wa kwanza alikuwa Mwingereza James Kirkman, yule yule aliyekuwa amekwisha kuchimbua Gede kwa miaka kumi. Na mwaka 2011 Umoja wa Mataifa, kwa idara yake ya elimu na utamaduni, ukaiandika katika daftari la urithi wa dunia.

Nataka kusimama kidogo katika khabari moja ya Ngome hii, maana ilitushughulisha njia nzima ya kurudi, na vijana wawili nusura wagombane kwa ajili yake.

Sisi waalimu wa vyuo tumezoea kuwasimulia watoto kwamba tarikh ya pwani ni vita baina ya Waislamu na Wakristo: Wareno wakaja wakadhulumu, Waislamu wakasimama, Mwenyezi Mungu akawapa ushindi. Na kweli dhuluma ilikuwako, tena kubwa. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mvita na Malindi, alichukuliwa mdogo mpaka Goa baada ya baba yake kuuawa, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo. Na aliporudishwa kutawala akaona udhalili asioweza kuuvumilia, akaingia Ngomeni mwezi wa Agosti mwaka 1631, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu wake dhahiri. Hiyo ni khabari ya kuwasimulia watoto.

Walakini yako na ya mwaka 1696. Mwezi wa Machi mwaka huo majeshi ya Imamu wa Oman, Seif bin Sultan, yaliizingira Ngome, na mazingira hayo yakadumu miezi thelathini na mitatu, mpaka Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno wachache, na pamoja nao Waswahili wengi, wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa upande wao. Ugonjwa ukaingia, ukafyeka. Ilipofika mwisho wa Agosti 1697 kapteni wa Kireno amekwisha kufa, na Ngome imebaki mikononi mwa nani? Imebaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, Mwislamu mtoto wa Mwislamu, pamoja na jamaa zake kumi na saba, na wanaume wanane wa Kiafrika, na wanawake hamsini. Hao ndio walioilinda Ngome ya Wareno mbele ya jeshi la Waislamu, mpaka zilipofika merikebu za msaada katikati ya Septemba.

Kijana mmoja katika sisi alisema, huyo Daud alikuwa msaliti. Wa pili akasema, la, Faza na Pate walikuwa na uadui wa siku nyingi, na Pate walikuwa upande wa Oman. Mtu hujilinda na jirani yake kwanza. Wakaniuliza mimi. Nikawaambia: sikuletwa Mvita kumhukumu mtu aliyekufa miaka mia tatu iliyopita, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini nalisema, na narudia kusema mbele yenu, kwamba tarikh tuliyokuwa tukiwafundisha watoto ilikuwa fupi mno. Na wale wanawake hamsini, majina yao hayako popote. Walipokea zamu katika kuta zile wakapika, wakazika, wakapigana, na hakuna anayejua hata mmoja wao alikuwa binti wa nani. Bibi zetu waliokuwa safarini walilisikia neno hili kwa namna nyingine kabisa na sisi wanaume. Mmoja wao alishika ukuta akanyamaza kitambo.

Sasa niingie ndani ya makumbusho yenyewe. Katika makabati yake vimo vitu vilivyochimbuliwa sehemu nyingi za pwani: Gede, Manda, Ungwana, na Ngome yenyewe. Vimo vyombo vya Kichina vya rangi ya kijani kama jani la mgomba, na vingine vyeupe vyenye maua ya buluu, vimo vya Kiajemi, zimo shanga. Vimo vitu vilivyotolewa baharini katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa, na wapigambizi wakaichimbua tangu 1977 mpaka 1980. Uko ukuta wa chokaa ambao askari wa Kireno waliuchora kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, makanisa, hata kinyonga. Nafikiri walikuwa na uchovu wa kukaa, maskini. Iko na Nyumba ya Waomani juu ya ukuta, na ukumbi wa Mazrui wenye maandishi ya Kiarabu katika mbao zake.

Wengi wetu tulisongamana mbele ya sahani za Kichina. Hajati mmoja, mkubwa wetu kwa umri katika wanawake, hakusimama hapo. Alikwenda moja kwa moja kwenye vyungu vya udongo vya wenyeji, vile vyenye nakshi za kuchora kwa kijiti mabegani, akasimama mpaka tukamtafuta. Akaniambia: "Sheikh, hizi sahani zao zilikuwa za kuonyesha wageni. Watoto walilishwa kutoka humu." Sijasikia mwalimu yeyote aliyeieleza makumbusho vizuri zaidi ya hapo. Msimamizi wa pale alipotafsiriwa maneno hayo kwa wenzake alitikisa kichwa, akasema ni kweli, vigae vya wenyeji ndivyo vingi kupita vyote katika kila shimo linalochimbwa, na ndivyo visivyotazamwa.

Siku ya tatu tulikwenda Gede, wengine huandika Gedi. Ni kusini ya Malindi, karibu na Watamu, ndani ya msitu. Basi likisimama huoni kitu ila miti mikubwa na kima, nao kima wa pale hawana haya. Walimnyang'anya mweka hazina wetu ndizi mbili, na jambo hilo mkaulize kwake mwenyewe. Kisha ukitembea kidogo unaona ukuta, na mwingine, na mlango wenye tao, ukajua kwamba umo ndani ya mji.

Mji huu ulianza, kwa kadiri ya uchunguzi, karne ya kumi na mbili ya Miladi, ukastawi sana katika karne ya kumi na tano, na mwanzo wa karne ya kumi na saba ukabaki mtupu. Una ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na eneo lake lapata ekari arubaini na tano. Una jumba la mfalme, una misikiti, una majumba ya mawe ambayo Kirkman aliyapa majina kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Fedha za Kichina, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, na kadhalika. Zina vyoo na mifereji ya maji machafu iliyopangwa vizuri, hata mmoja wa wajumbe wa Halmashauri, ambaye simtaji, alisema kwa sauti kwamba mtaa wetu haujafika hapo. Na liko kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, ndiyo 1399 ya Miladi. Mtu aliyesoma chuo chetu kidogo hiki aweza kuisoma tarehe hiyo bila mkalimani, na wanafunzi wetu sita wakaisoma. Watalii waliokuwapo walishangaa. Mimi nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa zile nauli sita.

Ajabu kubwa ni kwamba Wareno walikaa Malindi miaka mingi, mwendo wa maili kumi tu, na katika maandishi yao mji huu haukutajwa kwa jina hili. Kwa nini watu waliuhama? Wataalamu wanasema mengi: kwamba maji yalishuka visimani, kwamba yalikuja mashambulio ya Wazimba na baadaye ya Waoromo. Kisima kilicho karibu na msikiti mkubwa kimechimbwa tena na kuongezwa kina, nami nilichungulia ndani yake. Sikuona tone.

Tena tulijulishwa kwamba majumba ya mawe yalikuwa ya wenye mali. Watu wengi wa Gede waliishi katika nyumba za miti na udongo baina ya kuta zile mbili, na nyumba hizo mvua imezila. Mchimbaji hukuta sakafu, majivu na mashimo ya nguzo tu. Neno hili naomba mliweke akilini, maana nitalirudia.

Msikiti mkubwa wa Gede hauna paa. Nguzo zake ziko nusu, mihrabu ipo, na katika mihrabu zilipachikwa bakuli za kauri kwa pambo, nyingi zimekwisha kutoka zikabaki nafasi zake. Juu ya tao la mlango mmoja kimechongwa kichwa cha mkuki. Kando yake pana kisima na birika na pahala pa kuoshea miguu. Tulipofika hapo wazee waliniuliza suali la kifiqhi: je, hapa ni msikiti au ni gofu? Mtu avue viatu? Asali tahiyatul masjid?

Hili ndilo suali lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu leo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, Mungu amrehemu, mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti pamekwisha kuwa msikiti. Ukianguka ukuta, ukahama mji, ukaota msitu ndani ya mihrabu, wakfu hauondoki. Ardhi ile haiuzwi, hairithiwi, wala haigeuzwi kitu kingine kwa hali yoyote. Basi nikawaambia: huu ni msikiti. Tukavua viatu, tukatawadha kwa maji tuliyokuja nayo chupani, na kila mtu akasali rakaa mbili juu ya majani makavu. Msimamizi alitutazama, hakutuzuia. Mji ule una miaka mia nne bila watu, na serikali mbili zimepita juu yake, lakini hapana aliyethubutu kujenga duka ndani ya mihrabu ile. Serikali ya kikoloni ilipahifadhi tangu 1927, serikali ya Kenya ikaendelea, na mwaka 2024 Gede nayo ikaandikwa katika urithi wa dunia.

Mwenyekiti aniwie radhi, sasa naja nyumbani.

Mnajua nyote kwamba kwa fadhila za Mwenyezi Mungu na kwa michango yenu msikiti mpya wa ghorofa umekwisha kuanzwa katika kiwanja cha juu. Na mnajua kwamba msikiti wa zamani, ule wa chini sokoni, wenye kuta za udongo na paa la mabati, kiwanja chake kimepanda thamani mno. Limeletwa shauri mbele ya Halmashauri kwamba msikiti mpya ukikamilika, ule wa zamani uvunjwe, na pahala pake yajengwe maduka kumi na mawili, na kodi yake isaidie madrasa. Walioleta shauri hilo ni watu wema, nia yao njema, na madrasa ina dhiki kweli. Mimi ndimi mwalimu wake, naijua dhiki hiyo kuliko wao. Lakini nasema wazi, na nimekwisha kumwandikia Mwenyekiti kwa mkono wangu: haifai. Wazee waliotangulia walitamka wakfu pale, wakasali Ijumaa, wakasaliwa wao wenyewe pale walipokufa. Hatuwezi kuutangua wakfu kwa sababu soko limekaribia. Ukuta ukianguka na uanguke, tutaujenga. Tukishindwa kuujenga, itabaki ardhi ya msikiti, kama Gede.

Atasema mtu: Gede ni mawe, na chetu ni kibanda cha udongo. Ndipo niliposema mliweke akilini. Katika kisiwa cha Pate uko mji mwingine uliokufa, unaitwa Shanga. Huko alichimba Mwingereza Mark Horton tangu mwaka 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, mpaka akafika chini kabisa, akakuta mashimo ya nguzo katika mchanga. Ulikuwa msikiti wa miti, mdogo, wa watu wachache, wa karne ya nane ya Miladi, yaani ndani ya karne ya pili ya Hijria, siku ambazo maimamu wetu wa fiqhi walikuwa hai. Haukuletwa na sultani wala na jeshi. Watu wa pwani walikata miti wakaisimamisha kuelekea kibla. Na kila waliopata uwezo zaidi walijenga juu ya pale pale. Hawakuhama pale wakapafanya soko.

Msikiti wetu wa chini una nguzo za miti. Nani kati yenu anajua ulijengwa mwaka gani hasa? Nimewauliza wazee watano nikapata miaka minne mbalimbali. Na jawabu, ndugu zangu, nadhani limo ndani ya sanduku la bati lililoko chini ya ngazi ya mimbari.

Sanduku hilo lina khabari yake. Mwaka jana, wakati wa kusafisha kwa ajili ya Ramadhani, ilisemwa karatasi zilizomo zimeliwa na mchwa, zichomwe. Nikaomba zisubiri. Sasa nieleze hukumu, maana nimesikia watu wakichanganya. Msahafu uliochakaa usiosomeka tena, wanavyuoni wameruhusu uzikwe mahali safi au uchomwe kwa heshima, usije ukadharauliwa. Na Sayyidna Uthman alichoma nakala zilizohitilafiana. Hiyo ni heshima kwa maneno ya Mwenyezi Mungu. Lakini mle sandukuni hamna misahafu peke yake. Nimefunua tabaka ya juu tu, nikaona daftari za nikahi kwa khati za Kiarabu na maneno ya Kiswahili, barua za mirathi, na orodha ya watu waliotoa mchango wa mabati, jina moja moja na kiasi chake, na kwa wale wasiokuwa na fedha imeandikwa walitoa nini: huyu kuku, huyu siku tatu za kazi. Karatasi hizo ni mashahidi. Mwenye kuchoma shahidi hajamheshimu mtu.

Pale Ngomeni tuliwaona wasomi wa Ulaya na wa Nairobi wakihangaika na kigae kisicho na jina, kukisafisha kwa brashi na kukipa namba, ili wapate kujua mwanamke mmoja alipika nini. Nasi tunayo majina ya babu zetu kwa hati yao wenyewe, tumeyaweka chini ya ngazi na mchwa.

Sisemi tujenge jumba la makumbusho. Hatuna uwezo huo, na mimi si mtu wa kuota. Naomba mambo machache ambayo Halmashauri imekwisha kunikubalia, isipokuwa lile la maduka ambalo litapigiwa kura leo baada ya Alasiri, na kila mwanachama aliyelipa ada ana haki ya kunyosha mkono.

Kama Mungu akipenda, sanduku litafunguliwa Jumamosi ijayo baada ya Adhuhuri, mbele ya wazee watatu, ili kusiwe na maneno. Vijana wanne wanaosoma khati ya Kiarabu wataandika orodha ya kila karatasi, na wale wenye simu nzuri watazipiga picha kabla hazijaguswa sana. Misahafu iliyochakaa itatengwa, nami nitaisimamia mwenyewe. Wenye barua za wazee wao nyumbani, au vyeti vya zamani, au picha za harusi na za Maulidi, wazilete zikaandikwe, kisha warudishiwe. Hatuchukui mali ya mtu. Tafadhali msizikunje upya, wala msitie gundi wala utepe penye mpasuko, maana tuliambiwa Ngomeni kwamba utepe unaharibu kuliko mchwa. Na akina mama, waliozika makaburi ya zamani ya chini ya mwembe na wanajua nani amelala wapi, tunawaomba waje na wajukuu wenye daftari, kwani makaburi yale hayana maandishi na nyinyi ndio mnaoyasoma.

Sanduku la bati linapata unyevu, halifai tena. Haji mmoja, aliyekataa jina lake litajwe, ametoa kabati la mninga lenye kufuli mbili. Litawekwa katika chumba cha imamu katika msikiti wa chini, huko huko lilikokuwa sanduku. Ufunguo mmoja utakaa kwa Katibu, na wa pili kwa imamu, na kabati halitafunguliwa ila wawili hao wawepo pamoja.

Wassalamu alaykum.